Jino la Mtoto wa Sonara

Jumatatu, 3 Machi 2025. Gitega.

Daku: wali wa jana na chai. Mswaki haraka kabla ya adhana. Juu, mbele, upande wa kushoto, mswaki unapita hewani. Bado sijazoea. Ulimi unaenda pale wenyewe kila dakika.

Shuleni mkono mdomoni siku nzima. Nadège anasema nafanana na mtu anayesubiri chafya ambayo haiji. Nadège ndiye rafiki yangu pekee hapa shuleni Mushasha. Tunakaa benchi moja. Yeye anaongea kwa ajili yetu wawili.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Jino sikulivunja kwa kuanguka, kama nilivyowaambia nyumbani. Nililivunja nikifungua Fanta. Mwenye duka alikuwa anaongea na watu, nikaona aibu kumwomba kifungulio. Nikauma kizibo. Nusu ya jino ikakatika mshazari, ikaanguka kwenye vumbi. Fanta yenyewe sikuinywa.

Baba kapiga simu jioni. Habari za swaumu, habari za masomo, kisha: "Jino lako usiliguse. Ukija Idd mi nakuwekea kofia. Dhahabu nzuri, siyo ile ya wateja." Nikasema ndiyo Baba. Huwa nasema ndiyo Baba hata kabla hajamaliza.

Sitaki kofia. Basi, nimeiandika. Sitaki.

Jumanne, 4 Machi.

Jana sikueleza kwa nini.

Baba ni sonara, Muyinga. Anatengeneza pete na hereni, lakini mji wote unamjua kwa meno. Mtu akitaka jino la dhahabu anaambiwa, nenda kwa Fundi Issa. Dada yake, Shangazi Zaituni, ninayekaa kwake hapa Gitega, mtaa wa Shatanya, anayo mawili ya mbele. Anauza vitenge sokoni na anacheka kwa makusudi ili yaonekane. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nabandika karatasi ya dhahabu ya peremende kwenye jino na kujiangalia kwenye sinia. Nilitaka kuwa Shangazi.

Halafu nikaona inavyofanywa. Nilikuwa na miaka kumi, Baba alinituma nimshikie tochi. Jino zima halivikwi kofia. Jino linasagwa kwanza, pande zote, linabaki kama kijiti, ndipo kofia inaingia. Yule mama jino lake halikuwa na tatizo lolote. Alitaka urembo. Unga mweupe ukawa unaanguka kwenye kitambaa cha Baba, naye akaukung'uta nje kama unga wa ubao. Nililia nyuma ya choo. Sijamwambia mtu.

Nusu ya jino langu ipo. Nzima, yangu. Anataka kuisaga ili aifunike.

Alhamisi, 6 Machi.

Kipindi cha chimie, yaani kemia, saa nne. Mwalimu alikuwa kwenye polymères, plastiki na jamaa zake, watu wanasinzia. Akasema mfano wa karibu ni mdomoni: zamani daktari wa meno alikuwa anaziba kwa fedha iliyochanganywa na zebaki, na ili ishike alilazimika kuchimba hata sehemu nzima ya jino. Siku hizi kuna composite. Ni utomvu uliochanganywa na unga wa kioo. Zile za kwanza zilikuwa zinanywea zikikauka na zinalika haraka. Sasa unga wenyewe umesagwa mdogo mno hata jicho haliuoni, kwa hiyo inang'aa kama jino na inanywea kidogo tu. Inabaki laini mpaka imulikwe taa ya buluu. Ikimulikwa, sekunde chache, jiwe.

Sikusinzia.

Nilitaka kuuliza: na jino lililovunjika mbele? Mkono ulifika mpaka begani ukarudi. Nadège aliona. Akasimama yeye. "Monsieur, na mtu aliyevunjika la mbele, lazima asagwe?" Mwalimu akasema hapana, pale inaongezwa tu, kilichopo hakiguswi sana. Darasa zima likanigeukia. Nilitaka kuingia chini ya benchi. Lakini jibu nimelipata.

Inaongezwa. Haipunguzwi. Nimeandika mara mbili kwenye daftari la chimie.

Jumamosi, 8 Machi.

Nimeenda kliniki ya meno. Mimi. Kwa miguu yangu. Nadège alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia akiingia na mimi nitamwachia aongee, kwa hiyo haingii. Rafiki gani huyo. Alikuwa na haki.

Daktari ni mwanamke, anaitwa Daktari Spès, mfupi, anaongea na meno yako siyo na wewe. Akaligonga, akalipulizia hewa baridi, nikaruka. "Liko hai," akasema. Kama analipongeza jino. Alisema anaweza kulijenga kwa mara moja tu, bila kulichonga zaidi ya ukingo. Nikamuuliza (nilimuuliza!) kuhusu kofia ya dhahabu. Akasema: ukisaga jino la mtoto wa miaka kumi na sita, kwanza mshipa bado uko karibu, linaweza kufa. Pili halirudi.

Halirudi. Hilo neno nimetembea nalo mpaka nyumbani.

Anataka saini ya mzazi au mlezi.

Jumapili, 9 Machi.

Nimemwomba Shangazi saini. Nilisubiri amalize futari, ashibe, afurahi. Haikusaidia.

"Mtoto wa Fundi Issa aweke plastiki mdomoni? Ili watu waseme nini? Kwamba hata binti yake hamwamini?"

Si plastiki tu, nikasema, ina unga wa kioo. Hapo ndipo nikaharibu.

"Kioo! Yallah! Anataka kumeza chupa!" Akacheka mpaka dhahabu zote mbili zikanitazama.

Nikampigia Mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi kule Muyinga, na kadi ya mutuelle, ile bima ya matibabu, ni yake. Aliniacha nimalize yote. Kisha: "Mi nasaini. Nitakutumia karatasi na gari ya kesho. Lakini kwa Baba yako, we utajibu mwenyewe. Mi siingii."

Kwa hiyo nina karatasi, na nina deni la maneno. Sina hakika nitaweza kulilipa. Nikiwa mbele ya Baba ulimi wangu unalala.

Alhamisi, 13 Machi.

Limefanyika. Naandika kila kitu nisisahau.

Miadi saa tisa. Daktari Spès akanipa gilasi ya maji nisukutue. Nikatikisa kichwa. Nimefunga. Akasema ya kusukutua tu, unatema. Nikatikisa tena. Niliona aibu kueleza, yeye ni Mkristo, sikutaka kuanza mahubiri pale nikiwa na kitambaa shingoni. Akaacha. Akanijaza pamba pande zote, mdomo wazi.

Umeme ukakatika.

Tukakaa. Mhudumu akatoka kwenda kuwasha jenereta, likakataa, likakohoa, likakataa. Mimi mdomo wazi, pamba zimenyonya kila kitu. Muda mrefu. Nilihesabu vigae vya dari. Taa ziliporudi akachukua kijiti chenye vijino vingi vya rangi, vyeupe, vya manjano, vya kijivu, akavipima kimoja kimoja kwenye jino langu. Akachagua. Akaharakisha, watu walikuwa wamejaa nje.

Halafu tindikali. Ni ya buluu, nzito kama dawa ya mswaki. Akaosha, akanyonya maji na kimrija, sehemu ile ikawa haing'ai tena, kama kioo cha dirisha la bafu. Akapaka gundi. Akaanza kuongeza ile composite kidogo kidogo, anaikandamiza na kijichuma, anamulika. Mlio mdogo: ti, ti, ti. Anaongeza. Anamulika. Nilivaa miwani ya rangi ya chungwa nikaona dunia nzima ni Fanta.

Mwisho akasugua na kigurudumu. "Uma." Nikauma. "Tena." Ulimi wangu ukaenda pale ukakuta ukuta.

Nilitembea Gitega nzima mdomo wazi. Nilimsalimia hata polisi.

Ijumaa, 14 Machi.

Limekuwa jeupe. Jeupe jeupe. Jana kliniki yalikuwa sawa, leo asubuhi kwenye kioo, mengine yamerudi rangi yake, na lile limebaki kama chokaa. Kama kipande cha chaki kimepandwa.

Shangazi: "Mwamini! Ulienda kwa dentiste au kwa mpaka rangi?" Akawaita majirani.

Mkono umerudi mdomoni.

Jumapili, 16 Machi.

Shangazi kampigia Baba. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikasikia kila kitu. Alimwambia nimeenda kwa siri. Alimwambia ni jeupe kama la mdoli. Alimwambia hata Mama alijua.

Sikumsikia Baba. Nilisikia Shangazi akiitikia kwa Kirundi, "Ego. Ego. Sawa kaka." Akakata simu, kwa mara ya kwanza hakucheka. Akaniambia: "Kofia yako alishaimaliza. Alichukua kipimo cha jino hilohilo, ulipokuja likizo ya Krismasi, akakudanganya anaangalia kama yana matundu. Kabla hata hujavunja. Alitaka kukuwekea siku ya kumaliza shule. Wewe ukavunja mapema, akasema basi, Mungu kaileta mbele."

Sikujua.

Nimelia, lakini si kwa sababu wanayodhani. Nimelia kwa hasira. Kwa nini zawadi lazima ianze kwa kunisaga? Kwa nini hakuniuliza? Kama angeniuliza ningesema ndiyo Baba. Hilo nalo linanikasirisha, mimi mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi.

Nimerudi kliniki. Nadège alisema atakuja. Nikasema hapana.

Daktari Spès akaliangalia dirishani, uso ukamshuka. "Hii si rangi niliyochagua." Akachukua kijiti chake. Ndiyo ilikuwa yenyewe. Akasimama pale anafikiri, kisha akaniuliza: "Siku ile ulikunywa maji lini mara ya mwisho?"

Alfajiri. Na kusukutua nilikataa. Na mdomo ulikaa wazi kwa umeme.

Akajipiga paji la uso. Jino likikauka linapauka, akasema. Likilowa linarudi. Alichagua rangi ya jino kavu. Kosa lake, angetakiwa kupima kabla ya pamba. Lakini akaongeza: "Na wewe, kwa nini ulikataa maji?"

Nimefunga, nikasema.

Mhudumu, mama wa makamo aliyejifunga mtandio, alikuwa anapanga vyombo. Akageuka. "We binti. Adhuhuri ulisali?"

Nikasema ndiyo.

"Udhu ulichukua na nini? Na mchanga?"

Yaani. Kila siku ya Ramadhani nasukutua mdomo mara tatu kabla ya kila sala. Kila siku! Nikatema kila siku na swaumu haijawahi kuvunjika. Na pale kwenye kiti nikakataa gilasi moja kana kwamba ni pombe, kwa sababu tu niliona aibu kuuliza. Fanta tena. Ni Fanta ileile. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, na jino langu la chaki likiwa wazi mbele ya watu.

Daktari akasema halibomolewi. Hii ndiyo raha ya composite: mpya inashika juu ya ya zamani. Anakwangua ngozi ya mbele tu, anaweka nyingine. Ingekuwa kofia au kauri ingetupwa yote.

Hapo nikafanya kitu. Nilisema: nataka kusukutua kwanza. Nikasukutua, nikatema. Nikasema: nataka tupime dirishani. Nikasema: nataka kioo, nichague na mimi. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi lakini ilitoka. Mhudumu akanishikia kioo. Tulipima tatu. Ile ya katikati. Ya manjano kidogo, siyo nzuri ukiiona peke yake. Mdomoni ikapotea.

Nimeliangalia baada ya futari. Nimeliangalia kabla ya kulala. Limepotea kabisa kati ya wenzake.

Jumatano, 19 Machi.

Shangazi kanishika kidevu, kanigeuza huku na huku, kwenye mwanga. "Ni lipi?"

Sikumwambia.

Ijumaa, 28 Machi. Muyinga.

Trimestre imefungwa, likizo imeanza. Nimefika mchana. Mama alinikumbatia, akaangalia jino, akaangalia pembeni.

Baba alikuwa kwenye karakana, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nikaingia nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa anachomelea hereni, mrija mdomoni, anapuliza moto. Mtu akipuliza moto hawezi kuongea, najua. Lakini aliendelea kupuliza na hereni ilikuwa imeshashika. Niliiona.

Kofia iko mezani, kwenye kifuniko cha kopo, juu ya pamba. Ni ndogo sana. Ni nzuri. Siwezi kudanganya hapa, ni nzuri mno. Kachonga hata ule mfereji mdogo wa katikati ya jino langu. Kumbe Krismasi aliuona.

Hakusema kitu. Nami sikusema. Tumefuturu hivyo.

Jumapili, 30 Machi.

Bado hasemi. Na mimi. Mama anazunguka kati yetu na sahani.

Mpango wangu wa maneno: nimeandika kwa Kifaransa kwanza kwa sababu ndicho nilichojifunzia. Kwa Kifaransa nina akili. Nina adhésion, nina particules, nina photopolymérisation. Nikigeuza Kiswahili ninabaki na gundi, unga na taa. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Namwonea wivu Nadège, angeongea tu hata bila maneno.

Jumanne, 1 Aprili. Idd ya pili.

Imetokea mbele ya watu.

Shangazi amekuja kutoka Gitega. Wajomba walikuwepo, pilau imeliwa, wote wamekaa barazani wameshiba. Baba akatoka karakana na kile kifuniko cha kopo mkononi. Akakipitisha kwa wageni. Wakashangaa, wakapitishana kama mtoto mchanga. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniambia nilete chumvi: "Mwamini, kaa hapa mwanangu. Tutoe hiyo ya Gitega, tuweke ya nyumbani."

Kiti kilikuwa tayari. Kitambaa kilikuwa begani kwake.

Nilisimama. Sijui mikono yangu ilikuwa wapi. Haikuwa mdomoni.

"Hapana, Baba."

Hakuna aliyesikia. Nikarudia.

"Hapana, Baba. Ni nzuri. Lakini ili iingie lazima unisage, na ukisaga halirudi. Hii yangu imeongeza palipopungua. Sikukatai wewe, Baba. Nakataa kusagwa."

Hivyo. Hakuna Kifaransa hata neno moja. Kijiko cha mjomba kikaanguka.

Shangazi akaanza: "We mtoto, unamjibu baba yako siku ya Idd..." Nikamwambia, naye pia, Mungu anisamehe: "Shangazi, wewe ulisagwa mawili mazima. Mimi moja bovu nakataa." Akafunga mdomo. Dhahabu zikazimika.

Baba akachukua kifuniko kutoka kwa mjomba. Akakunja kitambaa. Akaingia karakana, akafunga mlango mchana kweupe na wateja wa Idd wapo.

Niliosha vyombo vyote peke yangu. Hakuna aliyenituma. Sikujuta. Naandika tena: sikujuta. Niliogopa tu.

Jumatano, 2 Aprili.

Mama aliniamsha: "Baba yako anakuita." Nikaenda karakana.

Alikuwa amekaa, na ile lenzi yake ya jicho moja. Akaonyesha kiti. Nikabaki nimesimama. Akasema, "Sisagi. Naangalia." Nikakaa.

Aliangalia muda mrefu. Pumzi yake ina harufu ya mkaa na karafuu. Akapitisha ukucha mbele ya jino, polepole, kutoka juu kwenda chini. Akarudia. Mara ya tatu ndipo ukucha ukasimama.

"Hapa."

Hapa nini, Baba?

"Hapa ndipo kazi ya daktari wako inaanzia. Nimepapata kwa ukucha. Kwa jicho sijapaona." Akarekebisha lenzi. "Anasugua vizuri. Lakini hapa kaacha ukingo, kama unene wa unywele. Mwambie arudie, chai itashika hapo."

Akaniuliza ilifanywaje. Nikamwambia. Nilipofika kwenye tindikali akainua mkono.

"Ngoja. Anaweka tindikali? Kabla?"

Ndiyo Baba. Inakula juu juu, panakuwa pa kukwaruza, pana vishimo hatuvioni. Utomvu unaingia humo ndio unashika.

Alivuta ile bakuli yake ya tindikali, ya kona, ile tuliyokatazwa kuigusa tangu utotoni, anamochovya dhahabu kabla na baada ya kuchomelea. "Mi nafanya hivi miaka thelathini," akasema. "Chuma kichafu hakishiki." Akaiangalia bakuli kama ndiyo kwanza anaiona. Akaniuliza kuhusu taa. Kuhusu unga wa kioo: kwa nini kioo. Nikasema utomvu peke yake unalika, kioo ndicho kinachovumilia kutafuna. Akatikisa kichwa. Akasema na yeye dhahabu tupu haiweki, ni laini mno, lazima aichanganye na shaba.

Tukaongea hivyo mpaka chai ikapoa. Baba na mimi. Haikuwahi kutokea.

Mwisho: "Itakaa muda gani?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia alivyosema daktari: miaka, lakini si milele. Inaweza kushika rangi, inaweza kumeguka nikiuma vibaya. Itarekebishwa.

"Dhahabu haimeguki."

Ndiyo Baba. Lakini jino langu litakuwepo chini.

Akawasha mkaa. Sikujua kama nimefukuzwa au nimeruhusiwa kubaki, nikabaki.

Kofia hajaitaja. Haiko tena mezani. Sikuuliza.

Ijumaa, 4 Aprili.

Shangazi karudi Gitega. Kaniaga kwa mdomo uliofungwa. Sijui nifanye nini na hilo. Sikusema uongo. Lakini nilisema mbele ya watu, na yeye ndiye anayenilisha. Jumatatu wiki ijayo nitaenda kumwomba radhi kwa namna nilivyosema. Kwa nilichosema, hapana.

Jumapili, 6 Aprili.

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Nimekaa karakana, najifanya nasoma.

Mama mmoja kaingia, mkulima, katoka mlimani kwa miguu, kandambili zimejaa tope. Alikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, nilijua kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Shikamoo mzee. Nimeelekezwa kwako, nina jino." Akafungua mdomo. La mbele, limemeguka pembe, kidogo kuliko langu. Alisema anasimamia kwaya, watu wanamwangalia.

Baba akavaa lenzi. Akaangalia. Tupa ilikuwa karibu na mkono wake, kitambaa kilikuwa pale. Akaangalia tena. Mimi nilikuwa nasoma mstari uleule.

Akavua lenzi.

"Hili halitaki kofia, mama. Ni zima hili. Nenda Gitega, wataliongezea kipande. Huwezi kukiona." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Huyu binti yangu. Niambie lake ni lipi."

Yule mama akaja karibu. Nikafungua mdomo. Akatafuta, akatafuta, akacheka kwa mshangao, "Sioni, mzee."

"Ndiyo hivyo."

Akaniambia nimwandikie jina la kliniki na mtaa, kwa Kifaransa, asipotee. Nikaandika kwa herufi kubwa. Nikaongeza chini, kwa Kiswahili: asukutue maji kabla hawajapima rangi. Akakikunja kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akashukuru mara nyingi kwa kitu ambacho Baba hakumfanyia, akaondoka.

Hakuja mtu mwingine. Barabara ilikauka. Adhuhuri Baba akachukua brashi yake ya nywele za mbuzi akaanza kufagia meza, kama anavyofagia kila siku, asipoteze chembe ya dhahabu. Leo hakukata kitu. Hakusaga kitu. Alifagia pembe zote nne, taratibu.

Nikachukua karatasi, nikamkingia ukingoni mwa meza.